Mbung'o, chura na samaki wa kale: jibu kwa mwandishi wa safu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa safu aliyeandika kwamba nchi kama yetu haina sababu ya kugharamia tafiti za vyura, mawe na samaki wa kale wakati wodi za watoto zimejaa. Kwa maoni yake kila shilingi ya utafiti iende kwenye magonjwa yanayoua watu, na hayo mengine tuwaachie wenye fedha za kuchezea. Makala yake ilisomwa kwa sauti barazani kwa jirani yangu hapa Chumbageni, na msomaji alipofika kwa chura wa Kihansi watu walicheka hadi kahawa ikamwagika. Nami nilicheka. Kijana anaandika vizuri. Ila hoja yake imenikera, kwa sababu inaigusa kazi iliyonilisha mimi na wanangu.

Nilikuwa fundi sanifu wa maabara, na kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kufuga mbung'o.

Nasema kufuga, na sitanii. Vyumba vilitunzwa katika joto la nyuzi 24 hivi na unyevunyevu mwingi, ndani yake rafu zimejaa vizimba vidogo vya wavu, kila kizimba na mbung'o wake. Damu ya ng'ombe ilitoka machinjioni, ikapigwapigwa isigande, ikamiminwa kwenye sinia chini ya utando mwembamba wa silikoni. Sinia likapashwa hadi likafikia joto la mwili wa ng'ombe, kisha vizimba vikapangwa juu yake. Mbung'o hutoboa utando ule akidhani ni ngozi. Dakika chache tu, tumbo limevimba, jekundu, na yeye hawezi tena kuruka vizuri. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuniuliza: "Mwanangu, na hao inzi nao wana mshahara?" Mtaani jina langu likawa Mama Mbung'o. Hakuna aliyeelewa serikali inawezaje kumlipa mtu amlishe mdudu ambaye kila mwenye mkono humpiga kofi.

Sababu ilikuwa Unguja. Kisiwani kulikuwa na aina moja tu ya mbung'o, kwa jina la kitaalamu Glossina austeni, anayependa vichaka na misitu minene kama ule wa Jozani. Hakuwa akiwaletea watu malale. Alikuwa akiwapa ng'ombe nagana. Ng'ombe mwenye nagana hukonda, hutupa mimba, maziwa hukauka, na yule wa damu ya kigeni uliyemnunua kwa bei kubwa ndiye huanza kufa. Dawa ya kumwagia ng'ombe mgongoni iliwapunguza mbung'o sana, lakini porini walibaki wachache, na wachache hao walitosha kuanza upya.

Hapo ndipo ilipobidi kumjua mbung'o mwenyewe, maisha yake ya chumbani kabisa. Jike la mbung'o hatagi mayai kama inzi wa jikoni. Huzaa. Hubeba buu moja tumboni, hulinyonyesha humo humo kwa tezi yake ya maziwa, na baada ya siku tisa au kumi hulizaa likiwa limekaribia kumlingana kwa uzito. Buu hujichimbia mchangani likawa pupa, yaani ganda ambalo mbung'o mzima hutoka ndani yake. Kwa mwendo huo jike hupata watoto wachache tu maishani. Tena kwa kawaida hupandwa mara moja, akazihifadhi mbegu za dume huyo na kuzitumia maisha yake yote. Sasa msomaji afikirie mwenyewe: ukimpata dume aliyehasiwa kwa mionzi, naye akamwahi jike kabla ya dume wa porini, uzazi wa jike yule umekwisha, na hukumwaga sumu hata tone msituni.

Ndivyo ilivyofanyika. Mbung'o walizalishwa Tanga, madume wakahasiwa kwa mionzi ya gama, wakapakiwa kwenye ndege ndogo na kuachiwa juu ya Unguja wiki baada ya wiki. Kati ya 1994 na 1997 madume zaidi ya milioni 8 waliachiwa. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa Septemba 1996. Mitego ya gundi, ile ya bluu na nyeupe, iliendelea kutegwa baada ya hapo ikarudi bila kitu, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Wafugaji wakaanza kuleta ng'ombe bora wa maziwa pale ambapo zamani ingekuwa ni kutupa fedha.

Sehemu yangu ilikuwa ndogo: kutenganisha madume na majike. Unawapoza kwa baridi wasiruke, unawageuza mmoja mmoja, unatazama ncha ya tumbo. Macho yangu yaliharibikia pale, na siyadai fidia. Kuna jambo jingine dogo ambalo huwapunguzia mafundi kazi hiyo: majike hutoka kwenye pupa mapema kuliko madume, siku mbili hivi. Nani alilijua hilo kwanza? Mtu fulani aliyekaa akitazama pupa zikipasuka, akaandika saa. Nina hakika mtu huyo naye alikuwa na mama mkwe.

Basi nimuulize mwandishi wa safu: kazi ile angeiweka kwenye fungu gani? Mifugo? Wadudu? Fizikia? Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilikuwamo pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo. Mpaka leo wapo wazee barazani wasioamini kwamba wale wale wanaotajwa redioni kwa kukagua mitambo ya nyuklia ndio waliotusaidia kulisha inzi.

Na ukiifuata kamba nyuma zaidi, mambo yanazidi. Mwaka 1927, huko Texas, Hermann Muller aliwapiga mionzi ya eksirei nzi wadogo wa matunda, hawa wanaozunguka ndizi iliyoiva sana, akaonyesha kwamba mionzi hubadilisha vinasaba. Hakuwa na ng'ombe akilini. Alitaka kujua urithi unavyofanya kazi, basi. Miaka mingi baadaye mtaalamu wa wadudu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Edward Knipling, alikuwa akihangaika na nzi mwingine, yule ambaye mabuu yake huingia kidondani na kumla mnyama angali hai. Alikuwa na wazo la kuachia madume tasa lakini hakuwa na njia ya kuwafanya tasa, hadi akaiona kwenye kazi ya Muller. Wakajaribu kwenye kisiwa cha Curaçao mwaka 1954, nzi akaisha. Kutoka chupa za Muller hadi ng'ombe wa Unguja ni miaka 70 hivi, na katika watu wote walioshika kipande cha kamba hiyo hakuna hata mmoja aliyeiona yote. Texas mwaka 1927 ingekuwa na kamati ya kuuliza "hao nzi wa ndizi wanamuua nani?" Muller angeambiwa akafundishe darasa la kwanza.

Tuje kwa chura, maana ndiye aliyechekwa.

Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo moja la milima ya Udzungwa, mahali padogo mno palipolowa daima kwa manyunyu ya maporomoko. Mtu mzima wake hafiki sentimita tatu. Hatagi kwenye maji. Huzaa vitoto vilivyokwisha kuwa vyura. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, megawati 180, sehemu kubwa ya maji ikageuzwa, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura 500 hivi walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Waliobaki korongoni waliporomoka, na kuvu wanaoshambulia ngozi ya vyura wakaonekana kwa waliokufa. Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Mwaka 2010 wa kwanza wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni kwao, ambako mabomba yamewekwa kuwanyunyizia maji. Ukiisimulia hivi, kweli inachekesha: chura mwenye pasipoti. Sina ugomvi na umeme, naandika barua hii chini ya taa. Lakini aliyechora bwawa lile hakujua kulikuwa na nini chini yake kwa sababu hakuna aliyekuwa amelipwa kwenda kutazama mapema. Gharama kubwa za baadaye, zile zinazotuchekesha, zilitokana na kutotazama.

Na kama kipimo ni hospitali, chura anatudai deni kubwa. Kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960 daktari akitaka kujua kama mwanamke ana mimba aliweza kumdunga chura wa Afrika Kusini mkojo wa mwanamke huyo. Chura akitaga mayai kabla ya siku kwisha, jibu ni ndiyo. Jambo hilo lilianzia kwa Lancelot Hogben, aliyekuwa Cape Town akichunguza tezi za chura huyo na namna anavyobadili rangi ya ngozi. Rangi ya ngozi! Baadaye John Gurdon, Mwingereza, akachukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi wa aina ile ile, akakipandikiza kwenye yai lililotolewa kiini chake, na kiluwiluwi kamili akatoka. Aliandika hayo mwaka 1962. Mwaka 2012 akapewa Nobel ya tiba. Ya tiba, Mhariri, si ya vyura.

Tuseme basi nimkubalie mwenzangu, tubaki wodini tu, kwenye ugonjwa unaoua watoto. Nina mfano, tena wa hapa kwetu Afrika Mashariki, nao naupenda kuliko yote ninayoijua.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mtoto aliyevimba taya, juu na chini, kushoto na kulia. Hakuwahi kuona kitu kama kile. Muda si mrefu akiwa hospitali ya Jinja akamwona mwingine. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, akakuta watoto hao ni wengi, ila kila daktari alikuwa ameuandika uvimbe kwa jina la mahali ulipotokea: taya, figo, tumbo. Yeye akauona ni ugonjwa mmoja, saratani moja. Mpaka hapo ni kazi ya daktari.

Lakini swali lake la pili halikuwa la udaktari: mbona huku wapo na kule hawapo? Akatuma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali nyingi za Afrika, majibu yakirudi akayachomeka pini kwenye ramani. Oktoba 1961 akaingia barabarani na marafiki wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu, wiki kumi, kilomita 16,000 hivi, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika na kurudi. Kila hospitali, ya serikali au ya misheni, wanatoa picha: umewahi kumwona mtoto wa hivi? Nimefanya kazi na watafiti wa kila aina na nakuambia, hiyo ndiyo sayansi ninayoielewa. Kuuliza swali moja kwa watu wengi bila kuchoka. Natamani tungejua majina ya wauguzi na wahudumu waliokuwa wakijibu. Wao ndio waliokumbuka watoto.

Ramani ikatoa ukanda uliokatiza Afrika, na pembezoni mwake ugonjwa ulifuata mwinuko wa nchi: ukipanda milimani, unatoweka. Kwa nini saratani iogope mlima? Pale Entebbe kulikuwa na mtaalamu wa wadudu na virusi, Alexander Haddow, akaona kwamba mwinuko ni kisingizio tu, jambo lenyewe ni joto. Ukichanganya na mvua, ugonjwa ulikaa penye joto na unyevu, yaani penye mbu na malaria. Haddow hakuwa daktari wa saratani. Alikuwa mtu wa kukesha juu ya majukwaa msituni akihesabu mbu wanavyopanda na kushuka kwa saa. Yeye na wenzake ndio waliopata kirusi cha Zika kwa tumbili msituni Zika mwaka 1947, ugunduzi uliolala vitabuni kwa karibu miaka 70 hadi Brazil ilipoanza kupata watoto wenye vichwa vidogo. Fikiria mwandishi wetu angemkuta Haddow usiku juu ya mti mwaka ule!

Kipande kinachofuata kilikuwa London. Burkitt alitoa mhadhara huko Machi 1961, na mle ndani alikuwamo Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vya saratani vya kuku. Akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Kisha, mwishoni mwa 1963, ndege ikashindwa kutua London kwa ukungu, ikapelekwa Manchester, na kifurushi kikafika kimechelewa, maji yake yamekuwa ya mawingu. Mtu mwingine angekitupa akisema kimeoza. Walipotazama, lile wingu lilikuwa seli hai zinazoelea, na seli hizo zikakubali kukua maabara. Mapema 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakakiona kirusi kwenye hadubini ya elektroni, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo kirusi hicho cha Epstein-Barr kinahusishwa na saratani nyingine kadhaa, na mwaka 2022 utafiti wa kumbukumbu za damu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulikiunganisha na ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao hauna uhusiano wowote na taya za watoto. Na kule Kampala, Burkitt alikuwa akiwatibu watoto wale kwa dozi za dawa ambazo leo zingeonekana ndogo, na baadhi yao walipona kabisa, wakati ambao wengi duniani hawakuamini kwamba saratani inaponywa kwa dawa.

Hesabu sasa: daktari wa upasuaji, ramani, gari kuukuu, daftari za mvua, mhesabu mbu, mtafiti wa kuku, hadubini ya elektroni na ukungu wa Uingereza. Ungemwambia Burkitt abaki kwenye "magonjwa yanayoua" asijali mawingu na wadudu, angebaki na kisu chake na watoto wangeendelea kufa.

Panya nisimseme sana, maana gazeti lako limeshamwandika, tena kwenye ukurasa wa vituko. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walikuwa wanachunguza panya kwa miaka mingi kwa sababu wanakula mahindi ya wakulima. Ujuzi huo ndio uliofanya chuo hicho kiwe mahali pa kufundishia panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli mia kwa dakika 20, akabaini wagonjwa ambao hadubini ya kliniki iliwapita. Si kituko hicho.

Na mawe je? Kila mashine ya MRI ya kawaida, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, ina sumaku ambayo haifanyi kazi mpaka ipozwe na gesi ya heliamu iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Heliamu ilijulikana kwanza juani: mwaka 1868, wakati wa kupatwa kwa jua, wanaastronomia waliona mstari wa njano kwenye mwanga wake ambao haukulingana na kitu chochote kilichojulikana duniani. Ilichukua hadi 1895 kuipata hapa chini. Sasa njoo Rukwa. Kuna chemchemi za moto zinazotoa mapovu ya gesi, na wenyeji wamezijua siku zote. Mwaka 2016 wanajiolojia walitangaza kwamba chini ya bonde hilo ipo heliamu nyingi. Maelezo yao: miamba ya kale sana imekuwa ikiizalisha kidogo kidogo kwa kuoza kwa urani na thori ndani yake, ikabaki imefungwa humo, hadi joto la volkano za Bonde la Ufa likaifungua. Aliyekuwa anatazama jua, anayegonga miamba na mgonjwa anayelala ndani ya mashine wamekutana, na hakuna kati yao aliyekuwa akimtafuta mwenzake.

Jambo moja ambalo huwa halisemwi ni kwamba ujuzi wa namna hii haukai wenyewe. Unatunzwa kwa fedha ndogo za kila mwaka, na zikikatwa haurudi. Kwenye kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, ambacho sitakitaja, kulikuwa na kabati la wadudu waliochomwa pini, kila mmoja na kikaratasi cha mahali na tarehe, wengine wa kabla ya Uhuru. Bajeti ilipobanwa, kitu cha kwanza kufutwa kilikuwa naftalini, ile dawa nyeupe ya kufukuza wadudu kabatini. Ilionekana ni busara: nani anakufa kwa kukosa naftalini ya wadudu waliokwisha kufa? Wadudu wadogo wakawala wale wa makabatini, tukabaki na pini na vumbi. Sasa hivi kuna mbu wa kutoka Asia, Anopheles stephensi, anayezaliana kwenye matangi na mapipa ya mjini na kueneza malaria katikati ya lami. Alionekana Djibouti mwaka 2012, baadaye Ethiopia, na ameshafika Kenya. Swali la kwanza ambalo mtu wa malaria huuliza mji mpya ni kama mbu huyu kaja juzi au alikuwapo kitambo. Jibu liko kwenye kabati, kama kabati lipo.

Sasa niseme jambo ambalo pengine linanidhoofishia hoja. Si kila utafiti utazaa dawa. Baharini kwetu hapa kuna silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini alikwisha zamani za dinosaria hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu alianza kuonekana mwaka 2003, Songo Mnara kule Kilwa, kisha wavuvi wa Tanga wakaanza kumpata kwenye jarife za papa zilizoshushwa kina kirefu, na mwaka 2009 ikaundwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kwa kusoma mistari ya magamba yake, watafiti wamekadiria kwamba huishi karibu miaka 100 na hubeba mimba miaka mitano. Sijui, wala sidhani kama kuna ajuaye, dawa itakayotoka kwa silikanti. Nyama yake haifai hata kwa mchuzi. Wavuvi wenyewe watakuambia. Lakini mwandishi wetu hajawahi kuuliza faida ya kujua Mwana Kupona aliandika utenzi wake lini. Kuna mambo mtu anayataka kuyajua kwa kuwa yako mlangoni kwake, na mvuvi aliyemtoa samaki yule majini ana haki ya kuambiwa ni nini alichokishika.

Hapo ndipo malalamiko yangu yanapohama kwa mwandishi wa safu na kuja kwako wewe, Mhariri, na kwa watafiti pia. Ukurasa wako wa sayansi ni ukurasa wa afya uliobadilishwa jina. Nimeufuatilia. Ni shinikizo la damu, kisukari, faida za maji ya uvuguvugu, na habari za "wanasayansi wagundua" zilizotafsiriwa bila kutajwa ni wanasayansi gani, walipima watu wangapi, wapi. Bahari haimo. Udongo haumo, isipokuwa bei ya mbolea ikipanda. Nyota hazimo kabisa. Kwa ukurasa kama huo, msomaji atakosaje kuamini kwamba chura ni anasa? Na watafiti nao, wengi wao huja kijijini na magari mawili, wakachukua damu, mbu, udongo, wakaondoka, na matokeo yakachapishwa mahali ambapo aliyetoa damu hatayaona milele. Nimeshika sampuli za watu wengi maishani mwangu na ni wachache sana waliorudishiwa jibu. Mtu aliyefanyiwa hivyo mara mbili, ukimwambia utafiti ni muhimu, atakutazama tu.

Ombi langu ni dogo. Kila wiki mtume mwandishi mmoja, si kwenye semina hotelini, bali pale kazi inapofanyika: kwa mtu wa vyura, mtu wa miamba, fundi anayeosha vyombo vya maabara, mvuvi. Aandike wanafanya nini na wanafanyaje, na asiwalazimishe waseme faida kwenye aya ya kwanza.

Na huyo wa safu, kama bado hajakasirika, aje Tanga. Nitampeleka Kigombe kwa wavuvi wa jarife, wao wana maneno kuliko mimi. Nauli ajilipie, pensheni yangu ndiyo hiyo anayoijua.

Fundi sanifu mstaafu wa maabara,
Chumbageni, Tanga